Pointi 20 zilizopotea: uchambuzi wa bia moja iliyopikwa Gungu

Shemeji yangu alihamia Kigoma mjini akitokea Kasulu, mvua zikiwa zimeshaanza. Alipanga nyumba Gungu, na pamoja na vitanda na makabati alishusha kwenye Fuso vyombo vyake vyote vya kupikia bia: sufuria la lita 40, mashine ya mkono ya kuparazia nafaka, ndoo tatu, kipimajoto, haidromita (kifaa kinachoelea cha kupimia sukari iliyoyeyuka) na daftari lenye jalada gumu. Kule Kasulu alikuwa ameshapika mara sita kwa vipimo vile vile. Kilo 4.5 za kimea cha shayiri, maji ya chemchemi, saa nzima ya kuloweka kwenye nyuzi 66, na mwisho wa kazi lita 20 za woti yenye graviti ya 1.050. Mara nyingine 1.049, mara nyingine 1.051. Daftari linaonyesha hivyo, kurasa sita, mwandiko safi.

Jumamosi ya kwanza ya kupika Gungu, haidromita ilisoma 1.030.

Alinipigia simu saa mbili usiku. "Shemeji, hiki kimea kimechakachuliwa," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Alikuwa ameshaweka kilo moja ya sukari mezani, tayari kuimimina. Nilimwomba asitie sukari, asimpigie simu aliyemuuzia kimea, afunike ndoo vizuri na anisubiri asubuhi.

Nakiandika kisa hiki na namba zake zote kwa sababu mtu yeyote anayepika bia ya kimea kwa maji ya huku mwambaoni anaweza kukutana nacho, na kosa lililo rahisi kuliko yote ni kumlaumu muuzaji, kununua gunia jingine, kisha jingine.

Kwanza tuelewane kuhusu namba yenyewe. Woti ni yale maji matamu yanayotoka kwenye kimea kabla ya kutiwa hamira. Ukiyaonja hayako mbali na togwa. Graviti hupima uzito wake ukilinganishwa na wa maji matupu, ambayo ni 1.000. Woti ya 1.050 ina maana lita moja ina gramu 1,050 hivi, na hizo 50 za juu, ambazo tunaziita pointi 50, ni sukari na vitu vingine vilivyoyeyuka humo. Hamira ikimaliza kula, 1.050 hushuka hadi 1.011 hivi na bia inakuwa na kilevi cha asilimia 5. Woti ya 1.030 haiwezi kufika huko. Itatoa bia ya asilimia 3 hivi, nyepesi mdomoni.

Kwa hiyo pointi 20 zilikuwa hazionekani. Swali langu la kwanza usiku ule halikuhusu kimea hata kidogo. Nilimuuliza, "Shemeji, ulipopima, woti ilikuwa na joto gani?"

Kimya kidogo. "Vuguvugu."

"Hebu ingiza kipimajoto kwenye hilo hilo kopo la kupimia."

Kilisoma 38. Alikuwa amepooza sufuria kwa kuliweka ndani ya karai la maji ya bomba, na maji ya bomba ya Kigoma msimu ule yenyewe yana nyuzi 26 au 27, kwa hiyo woti ilikwama juu. Haidromita yake, kama zilivyo nyingi, imetengenezwa kusoma sawasawa kwenye nyuzi 20. Kimiminika cha moto hutanuka na kuwa chepesi, na haidromita huzama zaidi ndani yake kana kwamba sukari ni kidogo. Kwenye nyuzi 38 inapungukiwa na pointi 5. Woti yake, basi, ilikuwa 1.035. Asubuhi tulipima tena bila mtu kugusa kitu: nyuzi 26, haidromita ikasoma 1.034, na ukiongeza pointi 1 ya joto hilo unarudi kwenye 1.035 ile ile. Pointi 5 zilikuwa hazijapotea kabisa. Hapo ndipo tukatia hamira.

Cha pili kilikuwa ndoo. "Lita 20," shemeji alisema, kwa sababu ni ndoo ya lita 20 na ilikuwa imejaa. Ndoo zetu hizi zikijazwa hadi mdomoni mara nyingi hubeba zaidi ya kile kilichoandikwa. Tulichukua ndoo ya pili ya aina ile ile tukaijaza maji kwa chupa ya lita 1.5, tukihesabu. Ziliingia chupa 14, na ya kumi na tano ikabaki na theluthi moja. Hiyo ni lita 22. Kule Kasulu alikuwa na alama ya kalamu ndani ya ndoo nyingine, ambayo ilipasuka safarini. Na Gungu alichemshia kwenye jiko la mkaa lenye moto dhaifu, hivyo mvuke ulioondoka ulikuwa mdogo. Woti ile ile ingechemka mpaka ikabaki lita 20, isingekuwa 1.035, ingekuwa 1.0385.

Hapa ndipo napenda kila mpishi azoee hesabu moja ndogo, maana inamwokoa na malumbano mengi: zidisha pointi kwa lita. Ukiongeza maji au ukiyapunguza kwa kuchemsha, jibu halibadiliki, kwa sababu sukari iliyomo ni ile ile. Pointi 35 kwa lita 22 ni 770. Kasulu ilikuwa pointi 50 kwa lita 20, yaani 1,000. Kilo moja ya kimea kizuri cha shayiri, ukiweza kuitoa sukari yake yote, inatoa kama 300 kwenye hesabu hiyo, kilo 4.5 zinatoa 1,350. Kasulu shemeji alikuwa anavuna asilimia 74 ya kilichomo. Gungu alivuna asilimia 57.

Ukizigawanya pointi 20 alizozililia usiku, 5 zilikuwa za joto la woti, 3 na nusu zilikuwa za ndoo, na 11 na nusu ndizo zilizokuwa zimepotea kweli. Kilo ile ya sukari ingeongeza pointi 17 na nusu kwenye lita 22 zile. Angepata kilevi chake, na bia nyembamba, na asingejua kamwe kilichotokea. Mwezi unaofuata angeongeza kilo nyingine.

Pointi 11 na nusu ni nyingi. Zilikwenda wapi?

Kimea kiliondolewa mashtaka mapema. Gunia lilikuwa lile lile alilopikia mara mbili za mwisho Kasulu, na zote mbili zilifika 1.050. Lingeweza kuvuta unyevu wa huku ziwani, kwa hiyo tulichota punje za juu, za katikati na za chini tukazitafuna. Zilivunjika kwa mlio, kavu, na utamu wake ulikuwepo.

Kipimajoto nacho kilitiliwa shaka. Shemeji alikichovya kwenye maji yanayotokota mbele yangu, kikasimama kwenye 97. "Unaona? Kinadanganya nyuzi tatu." Hakidanganyi. Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 97 na kidogo. Mtu wa Dar es Salaam ataona 100, wa Kigoma hataiona. Tulikihakikisha kwa barafu iliyopondwa ndani ya maji, kikasoma 0. Naomba jambo hili lisipuuzwe na mtu wa bara: kama ungeamini kipimajoto kina upungufu wa nyuzi tatu na ukaanza kukisahihisha, ungeloweka kimea kwenye nyuzi 63 huku ukiamini ni 66, na tatizo ambalo halikuwepo ungelizaa mwenyewe.

Kuhusu kuparaza, tulimwaga konzi mbili za kimea kilichoparazwa juu ya sinia na kutenganisha kwa vidole. Kati ya kila punje 100, 8 hivi zilikuwa nzima, hazijaguswa. Nyingine nyingi zilikuwa zimepasuka vipande viwili tu. Huo ni uparazaji mkubwa mno. Punje nzima haitoi kitu, maji hayaingii ndani yake. Na kipande kikubwa hutoa polepole. Lakini mashine ilikuwa haijaguswa tangu Kasulu, na Kasulu ilivuna 74. Nilikiandika pembeni kama mshtakiwa wa akiba.

Kilichobaki kikubwa kilikuwa kimoja. Shemeji, nyumba mpya, jiko jipya, na maji mapya.

Sasa kuna kipimo ambacho kama ningeruhusiwa kumfundisha mpishi mmoja tu kitu kimoja, ningemfundisha hiki. Sukari inaweza kupotea kwa njia mbili kubwa. Ama wanga haukugeuka sukari wakati wa kuloweka, ama uligeuka lakini sukari ikabaki imenaswa kwenye machicha wakati wa kusuuza. Ukipima mwishoni kabisa, njia zote mbili zinaonekana sawa, namba ndogo basi. Ukipima woti ya kwanza, ile inayotoka kabla hujamwagia machicha maji ya kusuuza, unazitenganisha. Ukiloweka kilo moja ya kimea kwa lita 3 za maji na wanga wote ukageuka, woti hiyo lazima iwe karibu na 1.084, uwe na sufuria la milioni au ndoo iliyotobolewa matundu. Namba hiyo haitegemei ustadi wako wa kuchuja. Ikiwa chini sana, usihangaike na kusuuza, tatizo limetangulia.

Shemeji hakuwa ameipima. Kupika tena kilo 4.5 ili tu kujua ilikuwa gharama, basi tukatumia chupa za chai.

Tuliazima moja kwa jirani, zikawa tatu, zote za kuhifadhi chai kwa lita mbili. Kila moja tulitia gramu 500 za kimea na lita 1.5 za maji, ule ule uwiano wa moja kwa tatu. Chupa ya kwanza ilipata maji ya bomba na kimea kama kilivyo. Ya pili ilipata maji ya mvua kutoka kwenye simtanki la nyumbani kwangu, yaliyochemshwa na kupoozwa, kimea kile kile. Ya tatu ilipata maji ya bomba, ila kimea chake tulikipitisha kwenye mashine mara mbili ili kiwe laini zaidi. Tulisuuza chupa kwanza kwa maji ya moto zisinywe joto letu, tukamimina maji ya nyuzi 72, tukakoroga kwa mpini wa mwiko mpaka madonge yote yakaisha. Zote tatu zilitulia kwenye 66. Tukazifunga, tukazipanga mezani, shemeji akabandika kila moja kipande cha plasta chenye namba.

Tulikaa saa nzima tukizungumza mambo mengine. Alikuwa na wasiwasi kuliko alivyotaka kuonyesha.

Saa ilipotimia tulichota kijiko cha woti kutoka kila chupa, bila maganda, tukakidondosha kwenye visosi vitatu vyeupe. Kisha tone la iodini, ile ile ya kahawia inayouzwa duka la dawa kwa ajili ya vidonda. Iodini ikikutana na wanga hugeuka bluu inayokaribia weusi. Isipokutana nao hubaki na rangi yake.

Kisosi cha kwanza, cha maji ya bomba, kiligeuka kabla tone halijamaliza kusambaa. Lilikuwa kama tone la wino wa kalamu. Cha pili, cha maji ya mvua, kilibaki na rangi ya chai ya rangi, na tulikitazama dakika tatu nzima bila kubadilika. Cha tatu kilikwenda zambarau yenye wekundu, maana yake wanga ulikuwa umekatwakatwa lakini kazi haijaisha.

Shemeji alikiinua kile cha kwanza akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha. "Saa nzima, na wanga bado upo?"

"Upo."

Haidromita ikathibitisha, baada ya kupooza kila woti hadi karibu na nyuzi 20 kwa barafu. Chupa ya kwanza 1.063. Ya pili 1.077. Ya tatu 1.068. Kwa lugha ya mavuno, maji ya bomba yaligeuza asilimia 71 ya kile kimea kinachoweza kutoa, maji ya mvua karibu 90, na kuparaza laini kwa maji ya bomba kuliongeza kidogo tu, hadi 78.

Kimea kile kile, joto lile lile, meza moja.

Ili kuelewa kwa nini, fikiria uji wa mtoto. Kila mama anajua kwamba uji mzito ukipoa kiasi na kutiwa kimea kidogo cha ulezi, hulegea ndani ya dakika chache na kuwa mtamu bila sukari. Kinachoulegeza ni vimeng'enya vya ndani ya kimea, amilasi alfa na amilasi beta, vinavyokata minyororo mirefu ya wanga na kuwa sukari. Ndivyo vinavyofanya kazi ndani ya sufuria la bia. Na vimeng'enya hivi vinataka mambo mawili: joto linalofaa, na uchachu unaofaa. Vinafanya kazi vizuri pale pH ya uji wa kimea (kipimo cha uchachu, namba ikipanda uchachu umepungua) inapokuwa kati ya 5.2 na 5.6. Ikipanda, havifi, lakini vinazembea. Tulichovya karatasi za pH kwenye sampuli zilizopoa: chupa ya mvua ilikuwa 5.8 hivi, chupa za bomba zote mbili karibu 6.2.

Maji ya bomba ya mjini Kigoma yanatoka ziwani. Na Ziwa Tanganyika si maji ya kawaida. Uso wake una pH ya kati ya 8.6 na 9.2. Ila pH hiyo peke yake ingeshindwa kirahisi na kimea, maana kimea chenyewe kina uchachu wake wa asili. Kinachokishinda kimea ni bikaboneti iliyomo, zaidi ya miligramu 300 kwa lita ikihesabiwa kama kalsiamu kaboneti. Ni kama kutia magadi kidogo kwenye kila ndoo: kila uchachu unaotoka kwenye kimea unakutana na magadi na kufutwa.

Ziwa limefikaje huko? Sehemu kubwa ya chumvi zake huletwa na mto Rusizi kutoka Ziwa Kivu, ambako kuna miamba ya volkano. Kisha ziwa lina njia moja tu ya kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo, na maji mengi zaidi huondoka kwa mvuke kuliko kwa mto huo. Mvuke hauondoki na chumvi. Kwa maelfu ya miaka ziwa limekuwa likichemka polepole juani kama sufuria, likizidi kukolea.

Kuna ushauri mmoja utakaousikia kila mahali ambao kwa maji haya haufai, nami nilikuwa nikiuamini. Husemwa kwamba maji yenye bikaboneti nyingi uyachemshe, uyaache yatulie, chokaa ishuke chini, uchote ya juu. Ni kweli kwa maji yenye kalsiamu nyingi, kwa sababu ni kalsiamu inayoshikana na bikaboneti na kuzama kama chokaa. Ziwa Tanganyika lina kalsiamu kidogo sana, miligramu 10 hivi kwa lita. Magnesiamu ni 40 hivi, na sodiamu ipo nyingi, na hizo haziishushi bikaboneti kwa kuchemsha. Kwa hiyo unachoma mkaa wa bure na kubaki na magadi yako yote.

Upungufu wa kalsiamu wenyewe ni hasara nyingine, kwa sababu kalsiamu inapokutana na fosfati za kimea husaidia kushusha pH.

Je, kuparaza kulikuwa na hatia? Ndiyo, na hapa kisa kinakuwa na somo ambalo sikulitarajia. Kasulu, maji laini ya chemchemi yaliviacha vimeng'enya vifanye kazi kwa nguvu zote, navyo vilipata muda wa kuingia hata kwenye vipande vikubwa. Uparazaji mbaya ulikuwepo tangu mwanzo, ulisitiriwa na maji mazuri. Gungu vimeng'enya vilipozembea, saa moja haikutosha tena, na vipande vikubwa vikatoka na wanga wao tumboni. Ndiyo maana chupa ya tatu ilipanda. Chombo kinaweza kukukosea miaka mitatu bila wewe kujua, mpaka kitu kingine kibadilike.

Tulipanga kupika upya wiki mbili baadaye. Maji yote, ya kulowekea na ya kusuuzia, yalitoka kwenye simtanki langu la mvua, mvua ya katikati ya msimu baada ya bati kuoshwa vizuri na manyunyu ya mwanzo. Maji ya mvua hayana bikaboneti ya maana, lakini hayana kalsiamu pia, kwa hiyo tulitia gramu 4 za kalsiamu kloridi ya chakula kwenye lita 13.5 za kulowekea. Shemeji aliiagiza Dar pamoja na chupa ndogo ya asidi ya laktiki, ya asilimia 88. Tukatia mililita 3 za asidi hiyo. Hii ni asidi ile ile inayoyapa maziwa ya mgando uchachu wake. Kwa kiasi hicho huionji kwenye bia. Mashine tuliikaza mpaka punje nzima zikabaki 1 au 2 kati ya 100, maganda yakiwa bado mapana, maana maganda ndiyo chujio lako; ukisaga unga kabisa woti haipiti, utakaa na ndoo iliyoziba mpaka jioni.

Dakika 10 baada ya kuchanganya, karatasi ya pH ilionyesha kati ya 5.4 na 5.6. Dakika 40, iodini ilibaki kahawia. Hatukuharakisha, tuliiacha itimize saa.

Woti ya kwanza: 1.079, ikiwa imepoozwa. Shemeji aliandika namba hiyo daftarini akaipigia mstari mara mbili.

Kusuuza tulifanya taratibu, bakuli kwa bakuli, tukimwaga juu ya kifuniko kilichotobolewa ili maji yasichimbe shimo moja katikati ya machicha na kupita hapo hapo yakiacha pembeni kukavu. Kabla ya kuchemsha tulikoroga sufuria vizuri, kwa sababu woti nzito hukaa chini na nyepesi hukaa juu, na anayechota juu bila kukoroga atalia bure. Lita 24.5, graviti 1.040. Hesabu: 980. Shemeji aliifanya mwenyewe kabla sijafungua mdomo, akasema, "Tukifika lita 20, itakuwa 1.049."

Moto safari hii ulikuwa wa majiko mawili ya mkaa yaliyobanwa pamoja chini ya sufuria. Alama mpya ya lita 20 ilikuwa imechorwa ndani ya ndoo. Woti ilipoozwa usiku kucha ikiwa imefunikwa, asubuhi ikasoma 1.048 kwenye nyuzi 25. Ongeza pointi 1 ya joto. 1.049.

Ile bia ya kwanza hatukuimwaga. Tuliifungua baada ya wiki tatu, na ilikuwa na kitu ambacho namba hazikutuambia. Ukiacha wepesi wake, ilikuwa na ukakasi mwishoni mwa ulimi, kama chai iliyochemshwa na majani kwa nusu saa. Huo ni utanini wa maganda. Maji ya kusuuzia yanapokuwa na bikaboneti nyingi, kadiri sukari inavyopungua kwenye machicha ndivyo pH inavyopanda kupita 6, na maganda yanaanza kuachia ukali wake. Shemeji alikunywa bilauri yake yote kimya, kisha akasema, "Hata ningetia sukari, huu ukakasi ungebaki." Ungebaki kweli. Pengine ungeonekana zaidi.

Bado kuna sukari tunayoiacha. Kati ya asilimia 92 zilizogeuka kwenye uji wa kimea (ndiyo maana ya ile 1.079), moja ya tano inabaki kwenye machicha na kwenye mabaki ya sufuria. Hilo ni la kusuuza, ni la kazi nyingine, na kwa lita 20 za nyumbani hasara yake ni konzi chache za kimea. Machicha wanayafurahia nguruwe wa jirani aliyetuazima chupa.

Linalotusumbua sasa ni kiangazi. Mwezi Mei mvua huku inakatika, na simtanki lina matumizi mengine ya nyumbani. Kutumia maji ya bomba peke yake na kuyashusha kwa asidi kunahitaji zaidi ya mililita 10 za laktiki kwa kulowekea tu, bila kuhesabu maji ya kusuuzia, na kwa kiasi hicho uchachu unaanza kusikika kwenye bia ya rangi ya dhahabu. Tumefikiria nusu mvua na nusu bomba, na asidi mililita 6 au 7. Tumefikiria pia bia nyeusi, kwa sababu kimea kilichokaangwa sana kina uchachu wake, nao husaidia kupambana na bikaboneti. Si bure kwamba Dublin ya Ireland, yenye maji ya alkali, ilijulikana kwa bia nyeusi, na Plzeň ya Ucheki, yenye maji laini sana, kwa bia ya dhahabu.

Chupa tatu za chai zimerudi mezani kwa shemeji. Kwenye plasta ya kwanza ameandika "nusu kwa nusu, asidi", ya pili "nusu kwa nusu, nyeusi", ya tatu "bomba tupu, nyeusi". Iodini tunayo. Jumamosi tunamimina.